Fundo la Siku ya Saba

Wale wasichana wawili wa msikitini waliokuja kunisaidia kumwosha Hodan walikuwa na adabu, sina neno, lakini walikuwa na haraka. Maji yalikwisha kumiminwa, kafuri imenyunyizwa, sanda imetandazwa kitandani, na mmoja wao akawa ananinyooshea vile vitambaa vyembamba vilivyochanwa kwenye pindo la sanda, vya kufungia kichwani, kiunoni na miguuni. "Mwalimu, utafunga wewe au nifunge mimi?" Nilimwambia asogee kando. Labda nilisema kwa ukali, maana alirudi nyuma hadi akagusa ukuta. Sikujali. Nani mwingine hapa duniani alikuwa na haki ya kumfunga Hodan kitambaa? Mama yake alikwisha kutangulia, dada hakuwa naye, na waliojaa uani wote walikuwa watu wa mume. Walimleta kutoka Tarbaj hadi hospitali hapa Garissa akiwa hajitambui, na nilipofika wodini walikuwa wamekwisha kumfunika uso. Basi nikashika kitambaa cha kwanza, na vidole vyangu vikakumbuka mambo niliyovikataza kuyakumbuka tangu mwaka ule niliokaa kwao.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Shule moja ya msingi hapa mjini ilikosa mwalimu wa Kiswahili, wakanichukua hivyo hivyo bila mafunzo, nami nikahamia kwa habaryar Dahabo, mama yangu mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na shule. Hodan alikuwa binti yake wa pekee. Tulilingana umri, tukalala godoro moja katika chumba cha nyuma kilichonuka samli na ubani, chenye dirisha dogo lililotazama jiko. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha mikeka cha mviringo, kama vile wanavyojenga kina mama wa ngamia huko porini. Mume wa habaryar alikionea aibu, kwa sababu yeye alijenga nyumba ya mawe na mabati, lakini habaryar alikataa katakata kupikia mahali pengine. Asubuhi tulikula anjera na chai ya maziwa ya ngamia, tumechuchumaa pale mlangoni, tukipanga maisha. Tungeenda chuo pamoja. Hodan angefundisha hesabu, kwa kuwa alikuwa na kichwa cha hesabu wallahi, na mimi lugha. Tungepangiwa shule moja, na tungenunua redio yetu wenyewe tusikilize tunachotaka. Habaryar alikuwa anajua mpango huo. Baba yake naye alijua, na hakuwahi kusema hapana. Hilo ndilo lililokuja kuniuma baadaye, kwamba alituacha tupange.

Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya kujifichia. Pale nyumbani wote walizungumza Kisomali, kwa hiyo tukiwa na la siri tuliruka kwenye Kiswahili, na habaryar akiwa amegeuza mgongo anachochea moto angesema, "Nyinyi nafikiri mimi hapana sikia? Mimi nasikia yote. Bole bole tu nasikia." Tulicheka mpaka chai ikatupalia. Siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita hapo hapo jikoni. Nilikuwa nimewaambia watunge sentensi kwa kitenzi funga, kila mtu atafute maana yake. Nikawa namsomea Hodan. Baba amefunga mbuzi. Mjomba amefunga duka. Askari wamemfunga kaka. Sisi tumefunga Ramadhani. Timu yetu ilifunga bao. Shule imefungwa. Hodan alikuwa anachambua mchele, akasema, "Maskini Kiswahili chenu, neno moja linatumwa kazi zote kama mke mdogo." Nikamwuliza, na Kisomali je? Akafikiria, mkono ukiwa ndani ya mchele. Kisomali tunasema xir, na hiyo x hutoka kooni, ha nzito ya mtu anayepuliza kioo. Mbuzi, xir. Mlango, xir. Mtu akitiwa ndani, xir. Hata ndoa tunasema imefungwa, neno ni hilo hilo. Hodan akacheka. "Kumbe wote tuko kwenye zizi moja," alisema, kisha akaniambia niendelee kusoma. Sentensi ya mwisho ilikuwa ya msichana mmoja mkimya wa kiti cha nyuma: Dada yangu amefungiwa ndoa. Niliweka alama ya tiki. Haikuwa na kosa. Hodan akamwaga pumba nje na tukaongea mambo mengine.

Mchumba alikuja kipindi mvua zilipochelewa. Tulimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu chumba chetu na sebule viligawanywa na ukuta ambao haukufika juu kabisa. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo wa Tarbaj, mtu mzima, mwenye mke mwingine huko na sauti ya taratibu ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Aliongea na baba yake Hodan kuhusu malori, kuhusu bei kushuka, kuhusu kisima kilichokauka upande wa Hadado, na katikati ya hayo, bila hata kupumzika, wakamwongelea Hodan. Baba alisema, "Msichana yuko." Hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa kama kuna sukari. Hodan alikuwa amelala chali kando yangu, macho kwenye mabati. Alinishika mkono akanibana mpaka nikaona uchungu.

Alikataa. Nataka hili lijulikane, maana siku hizi watu wa Tarbaj husimulia kwamba aliolewa kwa furaha na vigelegele. Alimwendea baba yake mchana, akasimama mlangoni, akasema hataki, anakwenda chuo. Baba yake hakupaza sauti. Alisema, "Mimi nimeshatoa kauli mbele ya wanaume. Ukikataa, chukua mama yako mwende naye, sitaki kumwona tena humu." Habaryar alikuwa nyuma yangu na bakuli la maziwa mkononi. Hakulimwaga, alikwenda akaliweka mahali pake. Basi walipokuja mashahidi wawili kumwuliza Hodan ridhaa yake siku ya nikahi, alinyamaza. Wakangoja, wakakohoa, wakaenda kusema kwamba amenyamaza, na kimya cha mwanamwali ni ridhaa. Mimi nilikuwepo. Kile hakikuwa kimya cha ridhaa. Kilikuwa kimya cha mtoto anayemlindia mama yake nyumba.

Sheikh aliyefungisha alikuwa mtu wa elimu na alipenda kufundisha hata penye pilau. Sisi wanawake tulimsikia kutoka upande wa pili wa pazia. Alisema akdi, kwa Kiarabu, asili yake ni fundo, kamba mbili kukutanishwa na kukazwa. Akasema hata itikadi imetoka hapo hapo, ni kile ambacho moyo umekifunga ndani yake hakitoki. Akasema kwa hiyo leo tunafunga fundo lisiloonekana, nalo ni zito kuliko la kamba. Wanaume wakaitikia. Lilikuwa somo zuri, sikatai, na mimi mwenye kupenda maneno nilijikuta nasikiliza kwa hamu, mpaka nilipomtazama Hodan na hina yake mbichi mikononi, hawezi hata kujifuta pua. Nilimfuta mimi. Nilijichukia kwa kufurahia lile somo.

Sasa niseme habari ya xeedho, kwa sababu vijana wa leo huagiza ya dukani iliyozungushiwa utepe na hawajui ilikuwa nini. Ni chombo cha harusi. Si kila nyumba ya Garissa ilikuwa na mila hiyo, lakini habaryar aliirithi kwa mama yake aliyetoka mbali kaskazini, na hapa mjini walimjia yeye. Ndani ya chombo unashindilia nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaushwa na kukaangwa vipande vidogo, ndani ya samli yenye iliki, na juu unafunika kwa tende zilizopondwa. Kisha unafunga kifuniko kwa kamba, unazungusha na kufuma fundo juu ya fundo, na mwisho unakivisha chote shuka nyeupe na mtandio kama bibi harusi. Siku ya saba upande wa bibi harusi wanakipeleka kwa bwana harusi, na vijana wake wanatakiwa kukifungua kwa vidole, mbele ya watu, wakati wanawake wanaimba na kuwatania. Wakifungua, wamestahili. Wakishindwa, bibi harusi anarudi kwao na mama yake mpaka wajipange upya. Na kisu ni haramu ya mila. Anayekata amekiri kwamba hakumstahili.

Habaryar alianza kusuka kamba siku ile ile mume wake aliyotamka maneno yale. Alitafuta magome ya mgunga, akayaloweka, akayatafuna akayalainisha kwa meno, akayasokota kwenye paja, kamba nyembamba isiyo na ncha inayoonekana. Nilikaa naye. Hodan alikaa naye. Hatukuzungumza Kiswahili, hapakuwa tena na mtu wa kumficha. "Mama, itafunguka?" Hodan aliuliza. Habaryar akatema nyuzi. "Inafunguka. Fundo lisilofunguka si fundo, ni ukatili. Lakini wanaume hawa hawana subira, nimewasikia wakinywa chai." Kisha akasema lile ambalo nimelibeba mpaka leo: "Kauli mimi sina katika nyumba hii. Kamba ninayo." Alitutazama sote wawili. "Siku ile uwe na mfuko wako tayari, mwanangu. Nikikushika mkono, simama."

Kwa hiyo ninyi mnaosoma msidhani kwamba ilikuwa ngoma na mchezo. Kwetu sisi watatu ilikuwa kesi, na ile kamba ndiyo wakili.

Walikuwa wamempangia Hodan nyumba ya siku saba hapa hapa mjini kabla ya kumpeleka Tarbaj. Tulikiingiza kile chombo tukiimba, habaryar mbele, mgongo umenyooka. Hodan alikuwa kwenye kiti amevishwa kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeolewa, na nyuma ya kiti niliona mfuko wake mdogo wa safari. Sebule ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Vijana wa bwana harusi walianza kwa mbwembwe. Wakavua saa, wakakunja mikono. Wa kwanza alipapasa akaambulia jasho. Wa pili akavuta pasipofaa, wanawake wakamcheka, "Ondoka, kakamue mbuzi!" Wa tatu, wa nne. Samli ilianza kuyeyuka kwa joto na harufu ya iliki ikajaa chumba, watu wana njaa, nje wazee wanaita chakula. Niliona habaryar ametulia kabisa, na midomo ya Hodan inatikisika, anaomba dua. Wallahi niliamini. Nilijiona tayari tuko kwenye lile godoro letu tunagombania shuka.

Mdogo wake bwana harusi alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinuka akasema, "Mambo gani haya, watu wana njaa," akatoa kisu cha kuchinjia kwenye ala akapitisha chini ya kamba mara moja. Ilitoa sauti ndogo tu. Halafu wanawake wote, hata wa upande wao, wakapiga kelele, si za vigelegele: "Amekata! Amekata! Mmeshindwa!" Habaryar alikuwa ameshasimama. Alivuka ile sebule akamshika Hodan mkono, na Hodan akasimama papo hapo, mfuko mkononi, macho yakiwaka, akavua kile kitambaa cha kichwa akakiacha kwenye kiti. Walifika mlangoni. Nilikuwa nyuma yao nimebeba viatu vyake.

Mlangoni alisimama baba yake, na nyuma yake wazee. Aliuliza kuna nini, akaambiwa. Akacheka. Sikutegemea kicheko, nilitegemea hasira, na hasira ningeielewa. Alicheka vizuri, kwa upole, kama mtu anayewaona watoto wanacheza nyumba. "Dahabo, hayo ni mambo ya wanawake ya kufurahisha watu. Akdi imefungwa mbele ya mashahidi. Kamba ni kamba tu." Habaryar akasema, "Mila ni yenu pia. Nyinyi ndio mnaotuambia kila siku, mila, mila. Amekata kwa kisu." Akamgeukia yule sheikh mwenye elimu. Yule sheikh alikuwa mtu mwema, bado nasema hivyo, lakini aliangalia chini akasema kwamba kisheria jambo hili halina uzito, akdi haifunguliwi na chakula. Watu wakacheka tena, sasa kwa nafuu, maana karamu yao ilikuwa imekaribia kuharibika. Mume akaja, akakiokota kile kitambaa cha kichwa, akampa Hodan mkononi. Hakuwa hata amekasirika. Alijua hakuna mahali pa kwenda.

Mmoja wa wale vijana alitaka kujitetea, akadai kwamba lile fundo lilikuwa la hila, halifunguki hata kwa jini. Ndipo habaryar aliporudi katikati ya sebule. Alipiga magoti, akaingiza kidole chini ya kishikio cha kifuniko, upande ambao kisu hakikugusa, akavuta ncha moja fupi. Mafundo yote yaliyobaki yaliachia moja baada ya jingine, taratibu, mpaka kamba ikalala chini. Mnajua walifanya nini? Walipiga makofi. Walimsifu kwa ufundi wake. Kisha wakala nyirinyiri, wakasema samli ni ya kiwango, wakalamba vidole. Mimi nilikula pia, nilikuwa na njaa tangu asubuhi, na ilikuwa tamu, na hilo sitawasamehe kamwe. Habaryar alikusanya vipande vya kamba akavitia kwenye shuka yake akaenda nyumbani kwa miguu. Hakufunga xeedho tena, hata alipobembelezwa na jamaa zake mwenyewe. Alisema meno yameisha.

Nilikwenda chuo peke yangu. Mwalimu mmoja wa isimu alitufafanulia huko kwamba neno fungate, zile siku za mwanzo za maharusi, halina undugu na funga hata kidogo, ni hesabu ya kale tu, ni saba kwa Kiswahili cha zamani. Darasa zima liliandika. Mimi nilicheka kwa sauti mpaka akanitoa nje. Ningemwelezaje? Ningemwambia kwamba nimeishi siku ya saba, na kwamba huko kwetu, siku ya kufungua, walifunga? Tangu hapo nimelifundisha lile neno kwa maelfu ya watoto, kwa maana zake zote, na kila mara nikifika kwenye ndoa chaki huwa nzito. Wanadhani mwalimu amechoka.

Hodan alizaa, alilea, alikaa nyuma ya kaunta ya duka la mume wake akipiga hesabu za sukari na unga kwa kichwa, wateja wakimsifu. Mume hakumpiga. Watu hulisema hilo kama sifa kubwa, na hata msibani nimelisikia mara kadhaa kabla ya uji kupoa: mume mzuri, hakumpiga hata siku moja. Alikuja Garissa mara chache, akiwa na wagonjwa wa familia. Mara ya mwisho alikaa kwangu, akayaona madaftari ya wanafunzi mezani, akachukua kalamu yangu nyekundu akasahihisha kama kumi hivi bila kuniomba ruhusa, akiwa wima, na shela yake bado kichwani. Nilimwuliza anafanya nini. "Nacheza tu, abaayo," alisema, yaani dada yangu. Aliongea Kiswahili, kile cha jikoni. Kisha akaketi na kula, wala hatukurudi tena kwenye habari ile.

Kwa hiyo nilipovishika vile vitambaa vya sanda, nilivifunga kama habaryar alivyonionyesha kufunga mwanzo wa kamba, fundo moja la kukunja, ncha imebaki nje, la kushika bila kubana. Vile vitambaa lazima vifunguliwe kaburini, ndiyo sheria, maiti haachwi amefungwa. Yule msichana wa msikitini alisema, kwa heshima, kwamba anaona fundo limelegea. Nikamwambia liko sawa. Wanaume wakambeba, na sisi wanawake tukabaki na masufuria.

Waliporudi kutoka makaburini, alikuja kwangu Abdirizak, mwanawe mkubwa, vumbi hadi magotini, macho mekundu. Yeye ndiye aliyeshuka kumlaza mama yake. Nilimkalisha. Sikuwa nimepanga kumwuliza, lilitoka lenyewe.

"Yale mafundo uliyafungua wewe?"

"Mimi, habaryar."

"Kwa kisu?"

Akanishangaa. "Kisu cha nini? Nilivuta tu, yakaachia."

Nilimshika ule mkono uliovuta, nikakaa nao muda mrefu kuliko alivyozoea, mpaka akaanza kulia, na mimi nikalia kwa hasira, sikuficha. Kisha nikamwambia aende akanawe, chai iko tayari.